Mheshimiwa, Niko Hapa

Truphosa Nafula hufungasha maua katika shamba moja kando ya ziwa Naivasha. Siku sita kwa wiki anasimama tangu asubuhi, anapunguza majani, anafunga waridi kumi kumi. Jumanne moja hakwenda kazini. Ilikuwa siku ya kesi ya Shantel.

Shantel ana miaka saba. Baba yake alifariki kwanza. Mwaka jana mama yake, dada ya Truphosa, naye akafariki. Tangu mazishi, mtoto anaishi Karagita na Truphosa na mumewe, Wasike. Majirani humwita Truphosa Mama Shantel, naye huitika.

Lakini kulikuwa na Ogada, ndugu ya baba ya Shantel. Tangu mazishi hakuja kumwona mtoto hata mara moja. Aliposikia kwamba marehemu aliacha ploti ya ardhi huko Nakuru, urithi wa Shantel, ghafla akamtaka mtoto. Akapeleka ombi mahakamani.

Kesi ilikuwa isikilizwe kwa video. Karani wa mahakama alimtumia Truphosa linki kwenye simu. "Saa tatu kamili," aliandika. "Bonyeza linki, utaingia."

Saa tatu kasoro dakika mbili, Truphosa aliketi mlangoni na kitenge chake kizuri. Shantel aliketi kando yake, nywele zimesukwa upya. Truphosa alibonyeza linki. Swali likatokea kwenye kioo: tovuti hii inaomba kutumia kamera na maikrofoni. Chini ya swali kulikuwa na vitufe viwili, cha kuruhusu na cha kukataa.

Truphosa hakufikiri hata kidogo. Akabonyeza cha kukataa.

Hakuwa mjinga. Chama chao cha akina mama kilikuwa na sheria. Mwenzao mmoja, Jepkorir, aliwahi kuweka programu ya mikopo kwenye simu. Programu iliomba ruhusa ya kusoma namba zake zote, naye akakubali. Alipochelewa kulipa, walipigiwa simu ndugu zake, bosi wake, hadi mchungaji wake. Chama kikakaa kikaamua: simu ikiomba ruhusa yoyote, kataa. Wanawake wote ishirini walikuwa wakikataa kila kitu.

Hakimu alichelewa, akatokea kwenye kioo saa nne. Ogada pia alitokea, na tai nyekundu.

"Truphosa Nafula yupo?" hakimu aliuliza.

"Niko hapa, Mheshimiwa!"

"Truphosa Nafula?"

"Niko! Niko hapa!" Truphosa alisogeza simu karibu na mdomo.

Hakimu alitazama karatasi zake. "Naona jina lake. Sioni uso, sisikii sauti. Truphosa Nafula, kwa mara ya tatu."

"Mama, kwani hawasikii?" Shantel aliuliza.

Ndipo Ogada akasema, polepole, kama mtu mwenye huzuni, "Mheshimiwa, mimi sishangai. Huyo mama hajali mtoto. Angejali, angekuja."

 Truphosa alisikia kila neno. Yeye hakusikika hata pumzi.

"Nitamaliza kesi zingine kwanza," hakimu alisema. "Saa tano tunarudi kwa hii. Asipoonekana, nitasikiliza upande mmoja na kutoa uamuzi."

Truphosa alimshika Shantel mkono. Wakatoka mbio bila kufunga mlango.

Wangechi ana duka la saiba, la kompyuta na intaneti, karibu na stendi. Anachapisha barua, anajaza fomu za watu, anatengeneza simu. Hapendi maneno mengi.

"Mama Shantel, unalia nini? Kaa. Sema."

Truphosa alieleza. Wangechi alichukua simu, akaiangalia, akacheka kidogo.

"Mtandao wako ni mzima. Simu ni nzima. Wewe ndiye umefunga mlango halafu unagonga kutoka ndani."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Iliomba kamera na maikrofoni. Ukasema nini?"

 "Nilikataa. Si chama kilisema tukatae?"

"Mungu wangu!" Wangechi alishika kichwa. "Sasa hakimu angekuona kwa njia gani? Kwa maombi?"

"Lakini Jepkorir..."

"Jepkorir aliruhusu watu wa mkopo wasome namba za watu wote anaowajua. Mkopo unahitaji namba ya mchungaji kwa nini? Hapo unakataa. Hii ni video. Video bila kamera ni nini? Kabla ya kubonyeza jiulize: nani anaomba? Anaomba nini? Na kazi hii inahitaji kitu hicho? Linki ilitoka kwa nani?"

"Karani wa mahakama. Namba yake iko kwenye barua yao."

"Basi hapo unaruhusu. Ukimaliza, unaweza kuondoa ruhusa tena. Hakuna mtu atabaki ndani ya simu yako."

Ilikuwa saa nne na nusu. Shantel alikuwa akiangalia saa ya ukutani.

"Rudisha ruhusa basi, dada. Haraka!"

"Sirudishi. Utarudisha wewe. Kesho sitakuwa kwako." Wangechi alimpa simu. "Hii Chrome ndiyo imefungua linki. Angalia juu, pale penye anwani ya tovuti. Kushoto kuna alama ndogo. Kwa simu zingine ni kufuli, kwa zingine ni vijistari viwili. Bonyeza hapo."

Truphosa alibonyeza. Orodha fupi ikatokea.

"Sasa bonyeza palipoandikwa ruhusa. Unaona kamera? Unaona maikrofoni? Washa zote mbili."

Truphosa alizibonyeza. Akangoja. Hakuna kilichobadilika.

"Imekataa!" Truphosa alipiga kelele. "Wangechi, imekataa!"

"Haijakataa. Ukurasa bado ni ule wa zamani. Uusome upya." Alimwonyesha mshale wa mviringo wa kupakia ukurasa upya. "Kama hata hapo ingekataa, tungeingia kwenye mipangilio ya simu, tuone kama Chrome yenyewe imeruhusiwa kamera. Au tungeangalia kama Chrome ni ya zamani sana, tuisasishe. Hatua moja, halafu nyingine. Usibonyeze ovyo."

Ukurasa ulifunguka upya. Uso wa Truphosa ukatokea, lakini ulikuwa mweusi tii kama sufuria ya kuni.

"Yesu! Huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Umeupa mlango mgongo, mwanga unatoka nyuma. Geuka uutazame mlango."

Aligeuka. Uso ukaonekana hadi hereni. Wangechi aliiegemeza simu kwenye paketi ya karatasi ili isitikisike, akamwambia aseme neno. Kijistari cha kijani kikapanda na kushuka. Maikrofoni ilikuwa inasikia.

Wakati huo huo simu ikaita. Picha ikaganda. Alikuwa Wasike, akipiga kutoka shambani.

"Imeendaje?" Wasike aliuliza.

"Baba, kata simu! Unaniua!"

"Sasa mimi nimefanya nini?"

Wangechi aliinama kwenye simu. "Wasike, simu yako ikiingia inachukua maikrofoni. Ukipiga tena saa tano, utampeleka mtoto kwa Ogada wewe mwenyewe."

 Simu ikakatwa.

"Tusimwamini," Wangechi alisema. "Weka simu kwenye hali ya ndege, halafu washa Wi-Fi peke yake, utumie yangu. Video itaendelea, lakini simu za kawaida haziingii. Intaneti yako nyumbani ilikuwa ya bando?"

"Bando."

"Bando si mbaya, bora liwe la kutosha na ukae mahali mtandao una nguvu. Mtandao ukilegea katikati, zima kamera kidogo, sauti itapita. Na sauti ikipotea kabisa, usikae ukilia. Kuna mahali pa kuandika. Andika, 'Mheshimiwa, niko hapa, nina shida ya sauti.' Asubuhi ungeandika hayo maneno tu, angekungoja."

Truphosa alimtazama mdomo wazi. Maneno machache tu ya kuandika. Kumbe angeweza kusema hapo hapo.

Saa tano ilifika.

"Truphosa Nafula yupo?"

"Niko hapa, Mheshimiwa." Safari hii sauti ilitoka ndogo, lakini ilifika.

Hakimu aliinua macho. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, Mheshimiwa. Nilinyima simu ruhusa ya maikrofoni. Nilisikia yote. Hata yale Ogada alisema."

Ogada alirekebisha tai yake.

"Na mtoto?"

Truphosa alimvuta Shantel mbele ya kamera. Hakimu alimsalimia, akamuuliza kama amekula. Shantel alisema amekunywa uji, na kwamba jana alivunja kikombe lakini Baba Wasike hajajua. Karani alificha kicheko.

"Bwana Ogada," hakimu akasema, "nina swali dogo. Shantel anasoma shule gani, na yuko gredi ya ngapi?"

Kamera ya Ogada ilikuwa wazi. Maikrofoni yake ilikuwa wazi. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Hakuna kilichosikika.

"Bwana Ogada, unanisikia?"

"Nakusikia, Mheshimiwa."

"Basi jibu."

Ogada alitazama pembeni, kama mtu anayetafuta jibu ukutani. Truphosa alishtuka. Alijua huyu mtu hamtembelei mtoto. Hakujua kwamba hata shule haijui.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mtoto atabaki na Truphosa kwa sasa, na afisa wa watoto ataleta ripoti baada ya wiki nne.

Afisa naye alimpigia Truphosa kwa video kabla hajaenda kumtembelea nyumbani. Siku moja kabla, Truphosa alijaribu kamera na maikrofoni na Wangechi. Siku yenyewe aliingia robo saa mapema, simu imejaa chaji, uso umeelekea dirishani. Afisa alimwona na kumsikia tangu neno la kwanza. Wiki hiyo hiyo, Truphosa aliwafundisha wenzake wa chama maswali matatu ya Wangechi, nao wakafuta sheria yao.

Amri ya mwisho ilitoka mwezi uliofuata, baada ya ripoti ya afisa. Wangechi aliichapisha dukani. Shantel aliomba aisome mwenyewe. Maneno mengi yalimshinda. Aliweka kidole chini ya mistari, akapita taratibu, hadi akafika mahali palipoandikwa kwamba Shantel Awuor ataishi na Truphosa Nafula.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka uwe mkubwa uchoke na mimi," Truphosa alisema. "Chukua mkoba. Umechelewa shule."