Mwanakikundi Aliyeletwa na Nani

Kazi ya kikundi ilikamilika bila mtu kuifanya. Wenye akili wangeshtuka hapo hapo, lakini hizi ni habari za wanachuo, viumbe wanaoweza kukueleza kwa nini dunia inazunguka na wasijue nani kamaliza sabuni yao.

Chuo chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mji. Mji una barabara moja ya lami, soko na stendi. Chuo kina watu mpaka wanafundishiwa madirishani, wananing'inia kama popo. Walimu, kwa kuogopa kusahihisha karatasi za umati ule, walitoa kila kazi kwa vikundi. Na kikundi, nakuapia, ni punda mmoja na abiria wengi.

Abiria mkuu aliitwa Mheshimiwa. Alikuwa na kitambi cha mapema, shati la pasi, na kipaji cha kuhudhuria bila kufanya lolote. Alikuwa mtoto wa pekee wa mshona nguo, mjane aliyemsomesha kwa cherehani. Mama yake alimpenda kupita kiasi. Naye alimpenda mama: akipigiwa simu, alipokea.

Punda alikuwa msichana mmoja mwembamba, wakimwita Kiranja. Mwezi ule aliugua, akarudi kwao, na abiria wote wakalala fofofo, kila mmoja akijua mwenzake anafanya. Siku ya kukusanya, kazi ikakutwa mezani, imechapwa na kubanwa vizuri. Ikapata maksi za juu kuliko zote.

"Nani kafanya?" mmoja akauliza.

"Si ni yule pale," Mheshimiwa akajibu, akinyoosha kidole kivivu.

Mwisho wa benchi alikaa kijana aliyefunga vifungo mpaka kooni, na joto lile, bila tone la jasho. Alinuka nguo zilizofungiwa mbichi sandukuni. Kila mmoja alidhani kaletwa na mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Punda akija mwenyewe na tandiko lake, nani anauliza kwao wapi? Wakambandika jina: Kimya.

Wiki iliyofuata lilikuja jaribio.

"Kichwa kinaniuma," Mheshimiwa akalalamika kitandani.

"Niende mimi?" Kimya akauliza. Sauti ilitoka kama iko nyuma ya ukuta.

"Nenda, bwana. Utakuwa umenisaidia."

Jioni wenzake wakamjia wakicheka. "Mheshimiwa, leo umetuaibisha! Umekaa mbele, umemaliza wa kwanza!" Hakuna hata mmoja aliyemtaja Kimya. Walimwona yeye. Mtu mwenye damu angetoka mbio. Mheshimiwa aligeukia ukutani, akalala.

Kiranja aliporudi, alimvuta Mheshimiwa chini ya ngazi za maktaba.

"Kaka, yule aliletwa na nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa naumwa. Nimewauliza wote." Akashusha sauti. "Jana nimemtazama akiandika. Kalamu haina wino, na maneno yanatoka. Mwandiko ni wangu, kaka. Nikamwambia, asante, langu nitafanya mwenyewe. Akainamisha kichwa, akaniacha. Na wenzetu wote wameshamwambia. Umebaki wewe."

"Basi nisemee na mimi."

"Lazima useme kwa kinywa chako!"

"Dada yangu, nikimfukuza, mitihani ya mwisho atafanya nani?"

Kiranja akamtazama kama mtu anavyotazama mzoga barabarani. "Angalia usije ukampa kitu ambacho huwezi kukirudia mwakani," akasema, akaondoka.

Siku hiyo hiyo, jua la utosi, shangazi akapiga simu. "Mama yako kaanguka kwenye cherehani. Anakuita wewe tu, hataki mwingine amshike. Panda basi la mchana, baba, ukifika usiku utamkuta."

Mheshimiwa akalia. Alilia kweli, tusimdhulumu. Akavaa kiatu kimoja. Akatafuta cha pili, akachoka, akajinyoosha kidogo.

Harufu ndiyo iliyoingia kwanza, kisha ukimya, mabomba ya bafuni yakaacha kudondoka, makelele ya uwanjani yakakatika kama uzi, na pale mlangoni alikuwa amesimama Kimya, amevaa shati la pasi la Mheshimiwa na viatu vyake vyote viwili, kile kilichopotea na kile ambacho Mheshimiwa alikuwa bado anakisikia kimembana mguuni, na kitambi kile kile kimeanza kumchomoza tumboni, na Mheshimiwa akajua kabisa, kwa mara ya kwanza maishani akajua jibu la swali kabla halijaulizwa, kwamba anatakiwa kusema maneno mawili tu, naenda mwenyewe, lakini akaliona basi, akaona vumbi, akaona mikesha ya kumgeuza mgonjwa na kumwosha, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Niende mimi?"

"Tangulia," Mheshimiwa akanong'ona. "Mimi nakuja."

Alizinduka jua linazama. Chumba kimefagiliwa. Hapo ndipo alipotoka mbio, miguu mitupu, na wanachuo wakamzomea, maana hawajawahi kumwona akikimbia. Basi lilikuwa limekwenda zamani. Akapiga simu.

Mama akapokea, sauti nzima kabisa.

"Mama! Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwanao, mama!"

Mama akacheka taratibu, kama tunavyowacheka matapeli. "Mwanangu yupo hapa, ananinywesha uji. Kaja tangu mchana, hajakaa chini. Unamuigiza vizuri, lakini kamtafute mama mwingine."

"Mama, mtoe! Mtoe nje, nakuja mwenyewe! Nakuja sasa hivi!"

"Nani huyo, mama?" ikauliza sauti karibu na simu, na Mheshimiwa akaitambua, kwa kuwa ilikuwa yake.

"Simjui, baba. Mtu tu, analia."

"Usijisumbue," sauti ikasema. "Lete, nitakata mimi."