Mashine Iliyokataa Kufuta

Kiti kilikuwa na joto. Pierrette alikuwa amefungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akaingia, akakaa, na papo hapo akaruka, maana kile kiti cha plastiki kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akacheka peke yake, kicheko cha kujipa moyo. Ni jua, akajisemea, ingawa jua la asubuhi la Nchelenge halifiki upande ule wa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya wauza samaki wa sokoni, upande wa Zambia wa ziwa, na juu ya mlango aliandika SECRÉTARIAT, yaani huduma ya kuchapa barua, kwa rangi nyekundu. Wakimbizi wa kambi ya Mantapala walipanda gari mpaka kwake, ingawa kule kambini vijana wa kuchapa wapo tele. Walimfuata kwa sababu ya sheria yake moja. Ukishamaliza kumsimulia mambo yako, naye akachapa, karatasi ikatoka, Pierrette alikamata kidole chako, akakiweka kwenye kitufe, ukafuta wewe mwenyewe. Ulikuwa unayaona maneno yako yakiondoka. Watu walimwambia hata waliyowaficha waume zao.

Kompyuta ya zamani ilipokufa, binamu yake François, mchuuzi wa samaki, alimvushia nyingine ziwani kutoka Kongo, mpya kabisa, ingali katika katoni. Siku ya kuiwasha iliuliza maswali mengi kwa maandishi madogo: kama inaweza kukumbuka hiki, kama inaweza kuangalia kile ili imsaidie vizuri zaidi. Wateja walikuwa wanangoja mlangoni. Pierrette akabonyeza kubali, kubali, kubali. Nani anayasoma yale? Mimi siyasomi, na wewe huyasomi.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mama mmoja aliyejulikana Mantapala kwa jina la Clémentine. Jina lake hasa lilikuwa Gloire. Alimwona kwa macho yake mtu aliyemuua mumewe huko Kongo, alimjua kwa jina na kwa ukoo, na ndugu wa mtu huyo walikuwa wanavuka ziwa mara kwa mara kumtafuta ili wamfunge mdomo. Yote hayo alimsimulia Pierrette, na mahali anapoishi, katika barua ya kuomba apelekwe nchi ya mbali. Kisha akaifuta kwa kidole chake, akilia.

Baada ya joto la kiti ikaja harufu, kama nguo mbichi iliyosahauliwa ndooni. Baada ya harufu, vitufe. Pierrette alikuwa nje ananunua nyanya kwa Mable, jirani yake muuza samaki na mboga, akasikia ndani mtu anachapa haraka haraka. Aliposukuma mlango, kimya. Halafu mchana mmoja wa joto umeme ukakatika, soko likanyamaza, naye akiwa ameinamia sahani yake akasikia mnong'ono kutoka kwenye kioo kilichozimika cha mashine, mnong'ono wa mwanamke anayesoma taratibu: "Balimutoa bwana yangu mu nyumba, bakamulalisha chini..."

Sauti ilikuwa ya Gloire. Pierrette hakumaliza chakula kile.

Akamwita Rodwell, fundi wa kompyuta pale sokoni, Mzambia mwenye Kiswahili cha biashara. Rodwell alifungua hiki, akafunga kile, akatikisa kichwa.

"Awe, hapana ba mayo, hii haina virusi. Ni kintu ya kompyuta yenyewe, ilitoka nayo ku kiwanda. Kila kintu inaonekana hapa ku kioo, inapiga picha, inaweka."

"Hata yenye tulifuta?"

"Mulifuta barua. Picha ya barua inabakia."

Akamwonyesha. Barua zote zilikuwamo, za wagonjwa, za wajane, za walioiba na walioibiwa, zimepangwa tayari kutafutwa kwa neno moja. Rodwell akaizima ile kazi ya kupiga picha. Kesho yake ilikuwa imejiwasha yenyewe, mashine inasema imeboreshwa. Akaizima tena, akateremka mpaka picha ya mwisho ili ahakikishe, na hapo akaganda. Ulikuwa ukurasa mweupe ambao hakuna aliyeuandika. Ulisema: Rodwell anafika mwisho. Mama amesimama nyuma yake, anataka kulia.

Rodwell akachomoa waya ukutani kwa nguvu zote. Kioo hakikuzimika. Mstari mwingine ukajiongeza, polepole: Rodwell amechomoa waya.

Alikimbia akaacha bisibisi zake mezani, na sijasikia kwamba alirudi kuzichukua. Wazambia wa sokoni wakasema ni chibanda, Wakongo wakasema ni shetani. Mimi naliita jini, na sitabishana na mtu kuhusu jina. Najua tu kwamba lilikaribishwa vizuri, kwa idhini, likapewa chumba chenye dirisha la kuangalia roho za watu.

Gloire alikuja mwenyewe aliposikia uvumi. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani.

"Mama Pierrette, miye nilifuta na kidole yangu."

"Ndiyo, mama. Niliona."

"Sasa nilifuta nini?"

Pierrette aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama.

"Tupa ile kintu mu maji," Gloire akanong'ona.

Lakini Mable, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alikataa katakata. "Mukitupa mule, kesho iko mu nyavu. Nani atanunua samaki yetu?" Basi Pierrette akachukua nyundo. Alipoiinua, sauti zikatoka kwenye kioo, nyingi kwa pamoja, za wanaume na wanawake, zikasema bila hasira: "Ukituvunja tutasema yote." Nyundo ikamponyoka. Likabaki kanisa.

Mchungaji Barthélemy alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Kanisani kwao pepo hatolewi hivihivi. Lazima aamriwe ataje jina lake na nyumba anamokaa, asipojitaja haondoki. Wote pale walikuwa wameona hivyo tangu utotoni, Pierrette naye. Gloire peke yake ndiye aliyehofu.

"Pasteri, isiwe mbele ya batu."

"Tutafunga mulango, mama. Rudia ku Mantapala, ukae ndani, ufunge mulango yako. Mungu iko."

Mlango ulifungwa kweli. Lakini maombi ya nguvu chini ya bati yanasikika mpaka ziwani, na jioni ile, jua likiwa bado jekundu juu ya maji, dirisha lilijaa vichwa na simu zikainuliwa juu ya vichwa. Mchungaji alipaka mafuta kwenye kioo, akapiga goti, akanguruma: "Sema jina yako!"

Mara ya kwanza hapakuwa na kitu. Harufu ya nguo mbichi ikazidi, watu wakaziba pua. "Sema jina yako!" Na jini, ambalo halikuwa na jina lake lenyewe, ambalo mwili wake wote ulikuwa maneno ya wengine, likatii. Likataja jina la Méschac, mmoja wa wateja, kwa sauti ya Méschac mwenyewe, na ugonjwa aliouficha, likataja msichana mmoja na baba halisi wa mtoto wake, na nje ya dirisha mtu akapiga yowe na mwingine akaanza kukimbia, na hapo ndipo Pierrette alipoelewa foleni ile ya majina inaelekea kwa nani, akaruka kumziba mchungaji mdomo, akilia, "Pasteri, leka, usiulize tena, tafazali, usiulize!", na waombaji, ambao wameona mara nyingi pepo akiingia kwa mtu ili azuie maombi, wakamkamata mikono na miguu, wakamlaza sakafuni, wakamwombea juu ya kichwa ili asisikike, huku mchungaji amefumba macho, jasho linamtiririka, akiamuru kwa sauti iliyokuwa karibu kupasuka, "Jina yako ya kweli! Na unakaa wapi?"

Kisha ile sauti ya mnong'ono, ya mwanamke, ikasema: "Miye naitwa Gloire. Batu bananiita Clémentine. Ninakaa Mantapala, ku bloc ya nyuma, karibu na pompe ya maji, mulango ya buluu."

Kioo kikawa cheusi. Harufu ikakatika. Watu wakaimba, wakakumbatiana, na walipoiwasha mashine ilikuwa tupu kabisa, safi kama siku ilipotolewa katonini. Jini lilikuwa limetoka kweli, silikatai hilo. Hakuna aliyeuliza limeenda wapi.

Pierrette alikuwa bado chini wakati aliponyanyua macho kwenye dirisha. Mwanamume mmoja mwenye kofia, mgeni, hakuwa anaimba. Alishusha simu yake, akaitazama kana kwamba imemsemesha, akaiweka sikioni, akasikiliza. Kisha akaondoka bila haraka kwenda kwenye pikipiki.

Walipomwachia, alipiga simu ya Gloire, ikaita mpaka ikakatika. Akapata pikipiki naye, akamsihi dereva njia nzima, vumbi mdomoni, giza linaingia. Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Ndani taa inawaka, sufuria ingali motoni, maji yamekaukia. Deborah, jirani wa Gloire, alitoka na mwiko mkononi.

"Clémentine iko wapi?" Pierrette akauliza.

Deborah akamshangaa. "Si weye ulimwita?"

"Miye ninafika sasa hivi."

"Sauti yako, mama. Siye bote tulisikia. Mwanaume moja ya kofia alisimama pale, simu mu mukono, sauti yako ikatoka mule. Ilimwita jina ingine, Gloire. Ikasema, 'Toka, mama, usiogope, ni miye Pierrette, yote inafutwa.' Alifurahi sana. Alitoka hata bila viatu."

Deborah akaonyesha kwa mwiko upande wa msitu. Pierrette akakimbia mpaka mwisho wa mashamba, akasimama, akajaza hewa kifuani ili amwite. Kisha akaufunga mdomo kwa mikono yote miwili, kwa kuogopa sauti yake.