Goti Lililotoka Kwenye Mstari

Jengo la ofisi lilikuwa na vipandio sabini na viwili, kutoka ghorofa ya nne hadi mlangoni. Mwanamke aliyevipiga deki alivijua vyote kama mtu anavyoyajua meno yake. Cha kumi na tisa kilikuwa na ufa. Cha arobaini kilituamisha maji. Watu wa jengo lile walimwita Mama Ngazi, naye aliitika bila kinyongo.

Kazi ya ngazi ina sheria moja: unaanza juu, unateremka. Uchafu unashuka, nawe unaufuata. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kupanda, Mama Ngazi alipanda. Kushuka ndiko kulikomtesa. Kila uzito wa mwili ulipolalia mguu wa kushoto, ili wa kulia utangulie chini, kitu kilimchoma mbele ya goti kama mwiba uliosahauliwa.

Mwenye shida haishiwi mbinu. Akaanza kushuka kinyumenyume. Aliyempita alidhani anaangalia kama amesugua vizuri. Mbinu ile ilidumu wiki tatu. Siku moja kisigino kikakosa kipandio. Yeye akadaka kishikio cha ngazi. Ndoo haikuwa na mikono ya kudakia, ikatangulia chini na maji yake yote, ikamkuta msimamizi wa jengo akiwa amevaa suruali mpya.

Msimamizi alijikung'uta, akatazama juu.

"Mama Ngazi, mbona unashuka kama mtu anayetoka mbele ya mfalme?"

"Ni viatu tu, bosi. Soli zimelika."

"Soli zimelika au goti limelika? Nina macho, mama. Nenda zahanati. Niletee barua inayosema goti lako linaweza ngazi. Bila barua, kazi hii nitampa mwingine. Ukivunjika shingo humu ndani, nitamwambia nini mumeo?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yalimwingia zaidi. Mama Ngazi alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye ngazi zile. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi mwashi, mtu ambaye hata nyumbani hakuacha kukagua kuta. Fundi alikuwa akimchua goti kwa dawa ya kuchua tangu mwezi uliopita.

"Nilikwambia ulifunge kitambaa, ulikaze," alisema fundi.

"Nimelikaza mpaka vidole vikafa ganzi. Baba watoto, hili ni goti, si gunia la saruji."

"Basi kesho zahanati. Ukuta wenye ufa haponi kwa kupakwa rangi."

"Hauponi."

"Ndivyo nilivyosema. Goti linakuuma, masikio yanafanya kazi."

Zahanati ilikuwa na chumba cha mazoezi ya viungo, chenye kitanda kirefu, kioo cha ukutani na kibao cha kupandia, kimo chake shubiri moja. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa rika la mtoto wake wa pili. Alianza kwa maswali. Je, goti lilivimba ghafla? Liliumizwa kwa kuanguka? Huwa linakwama lisikunjuke? Linamwachia akiwa amesimama? Ana homa, au goti limekuwa jekundu na la moto?

"Hapana kwa yote, mwanangu. Linauma nikishuka ngazi. Na nikikaa sana, kuinuka ni shughuli."

"Vizuri. Lingekuwepo moja kati ya hayo, ningekupeleka kwa daktari kwanza kabla ya kukupima hapa."

Akambonyeza goti, akalikunja na kulikunjua, akampima na nguvu za nyonga. Kisha akamweleza kipimo. "Utasimama kwenye kibao kwa mguu mmoja, mikono kiunoni. Utashuka polepole mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu kidogo tu, kama kinagusa yai. Halafu unapanda. Mara tano. Mimi nitaangalia goti linavyokwenda."

Mama Ngazi akapanda kibaoni na gauni lake refu lililofika kwenye kifundo cha mguu.

Mtaalamu akatabasamu. "Mama, goti silioni. Naona maua ya gauni, na ni mazuri. Rudi Alhamisi na kaptura."

Hapo ndipo Mama Ngazi alipofanya kosa lake. Tangu shule hakuwahi kupewa maswali ya mtihani kabla ya siku ya mtihani. Sasa amepewa. Kwa siku tatu alijifungia jikoni na kisanduku cha mbao, akifanya mazoezi ya kufaulu. Aligundua kwamba akishuka upesi, maumivu hayapati nafasi ya kusema. Aligundua pia kwamba akiulaza mwili upande wa kushoto, goti linatulia kidogo. Akawa hodari. Aliupandisha ule mguu na kuushusha kama cherehani.

Alhamisi akaenda na kaptura ya mumewe, iliyofungwa kiunoni kwa kamba. Fundi naye alikuja, akitokea kazini na mfuko wake wa zana.

"Hiyo kaptura ikirudi imetanuka, nitajua," alisema fundi.

"Ikirudi imetanuka, itakuwa imepata mtu wa kuijaza."

Akapanda kibaoni. Chapu, chapu, chapu, chapu, chapu. Mara tano, kabla mtaalamu hajavuta kiti. Akateremka akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri cheti.

"Umeshinda mbio," alisema mtaalamu. "Sasa fanya polepole. Ukishuka, hesabu moja mpaka tatu. Mwili wima. Anza na mguu wa kulia."

Mguu wa kulia ulifanya kazi kwa adabu. Ukaja wa kushoto. Alipofika "mbili" uso ulimkunjamana. Mkono ukaruka kutoka kiunoni kutafuta hewa ya kushika. Kiuno cha upande wa pili kikazama. Goti likaingia ndani, likatetemeka.

Fundi alikuwa amefumba jicho moja. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa timazi, ile kamba yenye kipande kizito cha chuma ambayo waashi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Aliiacha ining'inie mbele yake, akailinganisha na kidole cha pili cha mguu wa mkewe, kile kilicho jirani ya kidole gumba.

"Rudia, mama watoto."

Akarudia. Goti likaivuka kamba, likaelekea kwenye goti la pili kama linataka kulinong'oneza umbea.

"Limetoka kwenye mstari," alisema fundi, taratibu, na safari hii hakutania.

"Fundi, ungenisaidia kazi hapa," alisema mtaalamu. "Hicho ndicho ninachokitafuta. Mama, jitazame kwenye kioo. Goti linatakiwa lielekee kule kidole cha pili kinakoelekea. Naangalia pia mwili usilale, kiuno kisizame, mikono isiruke. Tena naangalia miguu yote miwili, kwa sababu mguu wako mzima ndio kipimo cha mgonjwa."

Mama Ngazi alijitazama. Aliketi kitandani, akaivuta kaptura ifunike goti, ingawa haikufika.

"Nilijifunza nyumbani," alisema. "Kushuka upesi. Kulala upande. Nilitaka unipe barua."

Fundi alizungusha kamba ya timazi kidoleni.

"Sikulaumu," alisema mtaalamu. "Anayeogopa kupoteza kazi hufanya hivyo. Lakini kipimo hiki hakina kufaulu wala kufeli. Ukikidanganya, goti halidanganyiki. Ningekupa barua, ungerudi kwenye vipandio sabini na goti lile lile."

"Sabini na viwili."

"Na viwili."

"Kwa hiyo goti limeoza?"

"Hapana. Na goti kuingia ndani peke yake si ugonjwa. Wapo watu magoti yao yanaingia ndani na hawaumwi. Ila kwako linaingia, unaumwa, na misuli ya nyonga ya kushoto nimeipima ni dhaifu. Misuli ya nyonga na makalio ndiyo inayolishika paja lisigeuke ndani. Ikichoka, goti linabaki yatima. Fundi, kigae kikipasuka kila mara mahali pale pale, unalaumu kigae?"

"Naangalia sakafu chini yake."

"Basi tunatengeneza nyonga na paja, goti lipate pa kuegemea."

Akamfundisha mazoezi matatu. La kwanza, kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua kiuno. La pili, kulala ubavu wa kulia na kuinua mguu wa kushoto uliokunjuka. La tatu, kuinuka kitini na kukaa polepole, magoti yakifuata vidole vya pili. Siku moja afanye, siku moja apumzike. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi, au yakilala naye mpaka asubuhi, apunguze.

Barua aliyoandika haikusema goti ni zima. Ilisema mama huyu anaweza kufanya kazi za sakafu tambarare, asishike ngazi kwa wiki nane, kisha atapimwa tena.

Mama Ngazi aliibeba barua ile kama anabeba maji ya moto. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Sikutaka barua ya namna hii," alisema.

"Hata mimi, bosi. Ila hii ni ya kweli."

Msimamizi alikuna kidevu. "Anayesafisha korido atashika ngazi wiki nane. Wewe shika korido. Baada ya hapo tutaona."

"Tutaona" si ahadi, lakini pia si mlango uliofungwa.

Nyumbani, fundi alipiga msumari juu ya mlango wa chumba, akaining'iniza timazi. Mama Ngazi aliweka kiti mbele yake. Kila siku ya mazoezi fundi alisimama pembeni kama anasimamia kibarua.

"Limeingia ndani."

"Nimeliona."

"Limetoka. Limeingia tena."

"Baba watoto, ukisema mara ya tatu, badala ya hiyo timazi nitakuning'iniza wewe."

Wiki ya tatu maumivu yalipungua, naye akaona haraka ina baraka. Akafanya mazoezi siku nne mfululizo, mara mbili kila siku. Asubuhi ya tano goti likakataa hata kwenda msalani. Alirudi kwa mtaalamu akiwa mnyonge.

"Ulimwaga zege leo, ukajenga ghorofa kesho," alisema mtaalamu. "Misuli hukua wakati wa kupumzika. Pumzisha siku mbili, uanze tena kwa nusu."

Akaanza tena kwa nusu. Wiki ya sita akaongezewa kushuka kisanduku kifupi. Hakuna aliyempigia makofi, isipokuwa fundi, ambaye siku moja alitazama timazi kwa muda mrefu asiseme neno. Mama Ngazi alisubiri. Fundi akaondoka kwenda kunywa maji. Kwa fundi yule, kukosa kosa la kutaja kulikuwa sifa kubwa.

Wiki ya nane, kibao kile kile, kaptura ile ile. Kisigino kiligusa sakafu kama kinagusa yai. Moja, mbili, tatu. Mara nne goti lilifuata kidole cha pili. Mara ya tano liliyumba kidogo, kisha likajirudi lenyewe.

"Hiyo ya tano nimeiona," alisema Mama Ngazi kabla hajaambiwa. "Usiifiche. Iandike."

Mtaalamu aliiandika. Aliandika pia kwamba mama huyu anaweza kurudi kwenye ngazi, aanze na ghorofa mbili kwa siku, na mazoezi asiyaache.

Jumatatu Mama Ngazi alisimama ghorofa ya pili, mwanzo wa ghorofa mbili alizoruhusiwa. Aliielekeza miguu mbele. Alishuka polepole, ndoo mkononi, akikitazama kila kipandio usoni. Mwiba haukuwepo. Kwenye cha arobaini maji yalikuwa yametuama, maana mwenzake hakujua tabia yake. Akayafuta.

Alipofika chini, alimwona msimamizi nyuma yake akiteremka kutoka ghorofa ya kwanza. Alikishika kishikio kwa mikono miwili, akishuka ubavuubavu.

"Bosi, goti hilo."

"Ni viatu tu, Mama Ngazi. Soli zimelika."

Mama Ngazi aliweka ndoo chini.

"Panda kipandio kimoja, bosi. Mikono kiunoni. Na usishuke upesi, ujanja huo mimi ndiye niliyeuanzisha."