Chui Mwenye Doa la Kwato

Simaloi alimaliza kukamua ng'ombe, akaenda kufungulia mbuzi. Mmoja hakuwepo. Kwenye tope palikuwa na nyayo za chui.

Mumewe, Lesian, aliukuta mzoga kichakani. Akarudi nyumbani kuchukua sumu.

"Nitaipaka kwenye mzoga," alisema. "Akirudi kula, kwisha."

"Na mbwa wetu akila, baba Nancy?" Simaloi aliuliza. 

Hapo akapita jirani yao, Jackline. Kazi yake ni kufuatilia chui wa Mlima Meru kwa kamera zinazofungwa kwenye miti.

"Shikamooni. Baba, unataka kumuua chui yupi?"

"Chui ni chui!"

"Na ng'ombe ni ng'ombe? Wako wakichanganyika na wa jirani yako Lemburis joshoni, unawajuaje?"

"Kwa mabaka yao! Hata mtoto anajua."

"Basi chui naye ana madoa yake. Hakuna wawili wanaofanana. Ndivyo tunavyojua nani yupo na nani ametoweka. Wamebaki wachache, baba. Zika mzoga, leo mbuzi walale jikoni, nami nifunge kamera hapa."

Simaloi alimnyang'anya mumewe ile sumu. "Tumsikilize kwanza," alisema.

Kesho yake Jackline aliwaonyesha picha. Alikuwa chui jike, mwenye doa begani kama alama ya kwato. Nyuma yake walikuwa watoto wawili. Simaloi aliona huruma. Angekufa mama, na hao wangekufa njaa.

Lesian alikuwa akitazama kitu kingine. Chui alikuwa akipita kwenye pengo la ua wa miiba. Pengo hilo alilitoboa yeye, apate njia ya mkato ya kwenda kupiga soga kwa Lemburis.

"Kumbe nimemkaribisha mwenyewe!"

"Tena kwa mlango wako," alisema Simaloi, akacheka.

Waliziba pengo kwa miiba mipya. Walifunika zizi la mbuzi kwa juu pia, maana chui ni hodari wa kupanda. Sasa Lesian huzunguka ua mzima kwenda kwa Lemburis, na majirani hawaachi kumtania.

Masika yalipokwisha, hakuna mbuzi mwingine aliyekuwa ameliwa. Jackline alikuja na picha mpya kwenye simu yake. Lesian aliipokea simu, akazipitia polepole.

"Huyu siye. Huyu naye siye. Huyu hapa, mwenye kwato! Na watoto wake, wamekua!"

Akaita kwa sauti ileile ya siku ng'ombe anapozaa:

"Mama Nancy, njoo uone! Wetu wote wazima!"