Wateja Tisini Ambao Hawakuja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Firdaus alitwanga tangawizi na iliki za chai ya hoteli. Hoteli ilikuwa ya mama yake, Mwanamina. Ilikuwa na meza tano, nyuma ya msikiti mjini Voi. Zamani kinu kile hakikupumzika. Siku hizi Firdaus alitwanga kidogo tu, na bado jioni chai ilibaki kwenye birika, imepoa na kufanya utando juu.

Wateja wakubwa walikuwa madereva wa malori. Walipohamishiwa mahali pengine pa kuegesha, nje ya mji, waliondoka na njaa yao.

"Muhula huu ukiisha nafunga," Mama alisema siku moja, akipangusa meza ambayo hakuna aliyekula juu yake. "Nitakwenda Mombasa kupika nyumbani kwa watu. Wewe utakaa kwa shangazi yako."

"Kwa muda gani, Mama?"

"Sijui. Usiniulize nisilolijua."

Tangu baba yake Firdaus afariki, walikuwa wawili tu. Sasa begi la Mama lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati. Firdaus alilipita kila siku bila kulitazama.

Alimweleza rafiki yake Wakesho, ambaye walikuwa pamoja Gredi ya Saba. Wakesho alifikiri anajua dawa.

"Kakangu ana programu ya ramani kwenye simu. Ukifika mahali unabonyeza 'Niko Hapa', watu wote wanaona. Mahali panapobonyezwa sana panapanda juu, na wageni wanakwenda huko."

Mama alikubali shingo upande. Firdaus alitumia simu ya Mama kuiweka hoteli kwenye ramani, kisha akabandika karatasi ukutani: *Bonyeza 'Niko Hapa', unywe chai ya tangawizi bure.*

Wiki mbili zikapita. Waliobonyeza walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa Ben, fundi wa umeme, ambaye angekuja hata bila chai ya bure.

"Wanne!" Wakesho alicheka. "Hata banda la kuku la nyanya yangu kule Mghange lina wageni wengi kuliko nyinyi."

"Usicheke. Mamangu anaondoka."

Wakesho aliacha kucheka. "Basi waambie watu wabonyeze tu. Kwani lazima wale?"

Walijaribu wakiwa nyumbani kwa kina Wakesho. Programu ikakataa: *Uko mbali na mahali hapa.* Hapo Firdaus alipata wazo ambalo baadaye alijutia. Kwa kuwa watu hawakuja hotelini, aliipeleka hoteli kwa watu. Kwa kidole kimoja aliiburuta alama ya hoteli kwenye ramani, kutoka nyuma ya msikiti hadi kando ya barabara kuu, mahali pa kuoshea magari. Mwandawiro, kakake Wakesho, alifanya kazi hapo na vijana wenzake, na wote walikuwa na simu.

"Bonyezeni kila siku," Firdaus aliwaomba. "Nitairudisha baada ya wiki moja."

Hakuirudisha. Wanne wakawa thelathini, wakawa sitini, wakawa tisini. Mwandawiro aliandika, "Pilau tamu kuliko zote Voi," ilhali hakuwahi kuionja. Kila hesabu ilipopanda, Firdaus aliliona begi la Mama likirudi juu ya kabati.

Jumatano simu ya Mama ililia.

"Mimi ni Mwalimu Crispus, natoka Chala. Jumamosi naleta wanafunzi thelathini na wanne, tupande treni hapo Voi twende Mombasa. Nimeona watu tisini wamefika kwako. Tutapata pilau saa sita unusu?"

"Mtapata, Mwalimu. Tena ya moto."

Mama alipomaliza kuongea alikaa kitako, akajifunika uso kwa leso yake. Mabega yalitikisika. Alikuwa akilia na kucheka.

Ile alama ilimjia Firdaus akilini. Lakini alijiambia kwamba hakuna mtu Voi anayetafuta hoteli kwa ramani. Kila mtu anauliza, "Kwa Mwanamina ni wapi?" naye anaonyeshwa msikiti. Mwalimu naye atauliza. Na alama ikirudishwa, vijana hawataweza tena kubonyeza. Akanyamaza.

Jumamosi Mama aliamka kabla ya adhana. Alipika mchele wote uliokuwa stoo. Kufikia saa sita pilau ilikuwa imepaliwa makaa juu ya kifuniko, kachumbari imekatwa, na sahani thelathini na tano zimepangwa. Saa sita unusu ikafika. Ikapita. Saa saba kasoro dakika tano simu ililia. Mama alikuwa na mafuta mikononi, akamwambia Firdaus aipokee na kuongeza sauti.

"Mama, uko wapi?" Mwalimu Crispus aliuliza.

"Niko hapa hotelini. Nyuma ya msikiti."

"Msikiti gani? Ramani imetuleta barabara kuu. Hapa kuna matope na vijana wanaoosha magari. Tumezunguka mara tatu!"

"Uliza tu kwa Mwanamina, Mwalimu, utaonyeshwa."

"Nimeuliza! Kijana mmoja ananiambia hapa hakuna hoteli, wao wanabonyeza tu. Wanabonyeza nini, Mama? Watoto hawa wametoka Chala alfajiri, na treni haisubiri mtu. Nawanunulia mikate tuondoke. Mlichofanya si kizuri hata kidogo."

Simu ikakatika. Mama akageuka polepole.

"Wanabonyeza nini, Firdaus?"

Firdaus alisema yote. Mama hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Firdaus alitamani angempiga. Mama alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akachukua mwiko.

"Huu ndio mchele wetu wa mwisho," alisema. Kisha akaanza kupakua kwenye hotpoti kubwa. "Wale waliosema wamekula kwangu, wakale. Beba."

Vijana wa kuosha magari walimwona Firdaus kwa mbali.

"Ahaa! Bosi ametuletea! Na chai yetu?"

"Pilau hii ilikuwa ya watoto wa Chala," Firdaus alisema. "Wameondoka na njaa. Ndiyo ya mwisho. Mamangu hana mchele mwingine."

Hakuna aliyetania tena. Mwandawiro alikula macho chini.

"Kumbe ni tamu kweli," alisema. "Na mimi niliandika tu."

Jioni Mama aliweka simu mezani. "Mpigie Mwalimu. Si mimi niliyemdanganya."

Firdaus alipiga. "Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi niliyeihamisha alama. Mamangu hakujua."

"Marahaba," Mwalimu alisema. "Mikate haikutosha; mtoto wangu mmoja amelia kwa njaa mpaka Mombasa. Nashukuru umesema ukweli, binti. Lakini nilichoandika sitakifuta."

Alikuwa ameipa hoteli nyota moja na kuandika: *Hoteli hii haipo.*

Firdaus aliirudisha alama nyuma ya msikiti. Vijana nao wakafuta walichobonyeza. Tisini wakarudi kuwa wanne, pamoja na nyota moja.

"Mama, nimpigie tena nimwombe aifute?"

"Iache. Ni ya kweli. Kwa watoto wale, siku ile hatukuwepo."

Jumapili hakuja mtu. Jumatatu alikuja Ben peke yake, akanywa chai. Mama alianza kukunja nguo na kuzipanga begini. Usiku ule Firdaus alilala ameelekea ukutani.

Jumanne mchana mwanamume mwenye viatu vilivyolowa alisimama mlangoni. "Ni hapa kwa Mwanamina? Kijana anayenioshea gari amesema nisisubiri juani, nije nile. Amenichorea njia kwenye karatasi."

Mama alikuwa na chapati na maharagwe tu. Mtu yule alikula, akaongeza. Jumatano walikuja watatu, wote wakingoja magari yao. Alhamisi walikuja watano, Mwandawiro akiwa wa mwisho. Aliketi, akala, akalipa, kisha akatoa simu na kubonyeza. Akawa wa tano kwenye ramani.

Jioni ile Mama alilibeba begi, nguo zikiwa bado ndani, akalipandisha juu ya kabati.

"Muhula mmoja zaidi," alisema. "Tukishindwa, nitakwenda. Sikufichi."

Kisha akamkalisha Firdaus kando yake.

"Sikiliza. Wale tisini wako hawakula hata punje. Walinipa furaha ya siku tatu, kisha wakawanyima watoto chakula na kunimalizia mchele. Hawa watano wa leo wameshiba, na aliyeshiba huleta mwenzake. Ni wachache, lakini wapo. Usimwite mtu mahali ambapo hatakukuta."

"Nimeelewa, Mama."

"Kama umeelewa nitaona asubuhi. Twanga tangawizi, nyingi kidogo kuliko leo."