Siku Tatu Jikoni kwa Bibi Wankyo

Nyumba ya Mniko kule Nyasho, mjini Musoma, ilijulikana kwa redio yake. Mniko alikuwa fundi wa mashine za pamba. Kila jioni akitoka kazini alinawa mikono, akaiweka redio dirishani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Mwaka ule wa 1975 redio ilikuwa ikifundisha habari za chakula: mboga, samaki, maziwa ya watoto. Mniko hakupenda kunyamaza redio ikisema.

"Hawa wangekuja kumuuliza mama yangu," alisema. "Ana miaka mia moja na bado anatwanga. Nyama na maziwa, basi. Ndiyo chakula ya watu wa kwetu."

Majirani walicheka. Binti yake Wegesa hakucheka. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha wauguzi, na maneno ya baba yake yalimwingia. Wodini alikuwa akiwaona watu wa miaka hamsini wamechoka kabisa. Kwa nini wengine huishi sana na wengine huondoka mapema? Je, ni chakula? Swali hilo lilimkaa kichwani miezi mingi. Alitaka kufanya utafiti, yaani kuuliza, kupima na kuandika mpaka ukweli ujulikane. Lakini hakujua mlango uko wapi. Alikuwa amepeleka barua mbili Dar es Salaam, na hakuna iliyojibiwa.

Siku moja alimweleza jirani yao Ursula. Ursula alikuwa Bibi Maendeleo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akifundisha akina mama mapishi na malezi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hakuyapaka sukari.

"Uliandika nini kwenye hizo barua?" aliuliza.

"Niliandika naomba nafasi ya utafiti."

"Utafiti wa nini? Wewe nani? Umeshafanya nini?"

Wegesa alitazama chini. Hayo hakuyaandika.

"Ndiyo maana hawakujibu," Ursula alisema. "Mtu akija kwako akasema anaomba kazi, hasemi kazi gani, utampa? Tena usianzie mbali. Uliza hapa hapa. Muulize mganga mkuu wa hospitali, anajua nani anakuja kupima watu. Muulize bwana shamba, wenzake wanapimaga mbegu na chakula kila mwaka. Waulize wamisheni. Waulize walimu wako, wanapata barua ambazo ninyi hamzioni. Na ukienda, nenda na kitu mkononi."

Wegesa alifuata. Kwa bwana shamba hakukuwa na kitu. Kwa wamisheni aliambiwa arudi mwakani. Lakini mwalimu mkuu wa chuo alifungua saraka ya meza yake, akatoa barua iliyokuwa imelala humo wiki mbili. Daktari mmoja wa lishe, jina lake Kwangu, alikuwa anakuja kuandika habari za vyakula vya wazee wa Bunda na Butiama. Alihitaji mwanafunzi mmoja tu, anayejua lugha za kwao. Kila mwombaji alete ukurasa mmoja: mzee mmoja, umri wake, na chakula chake cha siku tatu. Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya mwisho wa kupokea kurasa.

Wegesa alirudi nyumbani karibu akimbie. Mzee anaye. Ana miaka mia moja na bado anatwanga.

Jumamosi alipanda basi hadi Kiabakari, akatembea hadi kijiji cha baba yake mdogo, Burito, upande wa Butiama. Kijiji kilikuwa kipya. Mwaka uliopita watu walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao ya zamani, wakajengewa mistari ya nyumba kando ya barabara. Burito alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alipomwona mtoto wa kaka yake na daftari jipya, alifurahi kweli. Jogoo alikamatwa papo hapo.

"Andika, mwanangu," Burito alisema alipoelezwa habari za ukurasa, huku amekaa wima kama yuko mkutanoni. "Asubuhi mama anakunywaga maziwa. Mchana nyama. Jioni nyama tena, au samaki mkubwa. Umri, miaka mia moja."

Bibi Wankyo alikuwa amekaa mkekani kando yao, mwembamba, macho makali. Wegesa alimgeukia.

"Ni kweli, bibi?"

Bibi alimtazama mwanawe, kisha akalitazama daftari.

"Si amesema balozi," alijibu.

Wegesa aliandika yote. Alikula paja la jogoo, akashukuru, na kabla jua halijazama alikuwa amerudi Nyasho, moyo mweupe. Ukurasa ulikuwa safi, hauna hata neno moja lililofutwa.

Ursula aliusoma amesimama mlangoni. Aliusoma mara mbili.

"Ulikaa huko muda gani?"

"Tangu saa nne mpaka saa tisa."

"Lakini hapa kuna chakula ya siku tatu. Hiyo nyama ya jioni uliiona?"

"Baba mdogo aliniambia. Na mchana tulikula jogoo."

"Jogoo ulikula wewe. Wewe ulikuwa mgeni," Ursula alisema. "Niambie, kwenu mgeni amewahi kupewa kile mnachokulaga kila siku?"

Wegesa alifikiri. Hajawahi. Mgeni akipiga hodi, sahani za kila siku zinasukumwa chini ya kitanda, na mtu anatumwa haraka kutafuta kuku, hata kwa jirani. Ni heshima. Yeye mwenyewe alikuwa amezisukuma sahani hizo mara nyingi tu. Sasa heshima hiyo ilikuwa imemwandikia ukurasa mzima wa uongo, na yeye muuguzi mwanafunzi akausaini. Aliona aibu.

"Na hii miaka mia?" Ursula aliendelea. "Mmeihesabu wapi?"

"Baba anasemaga."

"Akina baba wote wana mama wa miaka mia. Usimuulize bibi ana miaka mingapi. Muulize vita ya Wajerumani ilimkuta ni mtoto, msichana au mama. Muulize nzige, muulize njaa. Miaka ya hayo mambo inajulikana, utahesabu kutoka hapo. Halafu rudi ukalale huko siku tatu. Pika naye, chota maji naye. Ukishashika jembe lao, hutakuwa mgeni tena. Na siku ya kwanza daftari libaki kwenye mkoba."

Zilikuwa zimebaki siku nane. Wegesa aliomba ruhusa chuoni, akarudi.

Siku ya kwanza Burito alitafuta kuku mwingine kwa macho. Wegesa alimwahi.

"Baba mdogo, leo mimi nimekuja kulima na bibi. Nitakula mlichonacho."

Burito hakupenda. Mkewe alicheka kimya, akamkabidhi jembe. Mchana ulipikwa ugali wa muhogo na dagaa. Bibi alikula kidogo, polepole, akamega mara ya mwisho na kunawa wakati wengine ndio kwanza wananogewa. Nyama haikuonekana. Maziwa yalikuwepo, kikombe kimoja, nayo bibi aliwapa watoto.

Siku ya pili, kulipopambazuka, Wegesa alimkuta bibi uani anajifunga kanga.

"Bibi, unaenda wapi?"

Bibi alimpima kwa macho. "Unakuja na daftari au na kikapu?"

"Na kikapu."

"Haya, twende."

Walitembea zaidi ya saa moja. Bibi alikuwa mbele, na Wegesa, mwenye miaka ishirini na moja, alikuwa nyuma akihema. Walifika mahali penye mawe ya jikoni na kuta zilizobomoka. Palikuwa mahame yao, makazi ya zamani ambako Wegesa alicheza utotoni. Pale palipokuwa zizi la ng'ombe, samadi ya miaka mingi ilikuwa imeotesha mboga ya mgagani hadi kiunoni. Kando yake kulikuwa na mlenda na maboga yaliyojiotea.

"Nakujaga kila siku mbili," bibi alisema huku anachuma. "Kule kijijini ardhi bado mbichi, haina mboga. Na hapa babu yako amelala, namsalimia. Lakini Burito hataki isemwe. Yeye ni balozi, anawaambia watu wasirudi mahame. Mama yake anarudi. Watamcheka."

Wegesa sasa alielewa kwa nini bibi alilitazama lile daftari. Mtu wa mwisho kuja na daftari alikuwa ameandika nyumba za kuhamishwa. Alichuma kidogo, kisha akauliza kama Ursula alivyomfundisha.

"Bibi, vita ya Wajerumani ilikukuta wapi?"

"Mume wangu walimchukua kubeba mizigo. Mtoto wangu wa kwanza nilikuwa naye mgongoni, hajaota jino."

Wegesa alihesabu kwa vidole. Si miaka mia. Ni kati ya sabini na tano na themanini. Bado ilikuwa mingi, na bado bibi alikuwa amemwacha nyuma njiani.

"Basi ni hii mboga iliyokufikisha hapa," alisema kwa furaha. "Hii mboga, na mwendo."

Bibi aliacha kuchuma.

"Kwa baba yangu tulizaliwa tisa," alisema. "Chungu kilikuwa kimoja. Hii mgagani tulikula wote. Mwendo tulitembea wote. Nyamhanga alikufa kwa tumbo, hajajua kusema. Dada zangu Hana na Kija walikufa mwaka mmoja, kwa ile homa iliyofuata vita. Kuna wengine wawili waliokufa kabla ya kupewa jina la kuitwa. Hao wengine nimewazika nikiwa mtu mzima. Nimebaki mimi. Sasa unaniuliza mimi nilikula nini. Wale utawauliza nani?"

Wegesa alisimama na majani mkononi, akajisikia vibaya kwa ile furaha yake. Bibi hakuwa amekasirika. Aliinama akaendelea kuchuma, kwa sababu jua lilikuwa linapanda.

Siku ya tatu daftari lilitoka, na kwanza likaandikwa chakula cha siku mbili zilizopita. Wegesa alipima kila kitu kwa kikombe na kijiko: ugali wa muhogo, mgagani uliochemshwa na kutiwa maziwa kidogo, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na furu wakavu watatu, samaki wadogo wa ziwani. Jioni alimsomea bibi mbele ya Burito. Aliposoma neno mahame, Burito alisimama.

"Mwanangu, hiyo futa. Mimi nitaonekanaje?"

"Jina la bibi haliandikwi, baba mdogo. Anaandikwa namba. Jina la kijiji pia haliandikwi. Lakini nikifuta mboga, nitakuwa nimemwandika mtu mwingine."

"Kwa hiyo nyama nilisema uongo?"

"Ulinikaribisha kama mgeni," Wegesa alisema. "Kosa lilikuwa langu. Sikukaa."

Burito alitembea hadi mlangoni, akarudi. Ilimwuma, na haikufichika. Mwishowe alimgeukia mama yake.

"Mama, wewe unasemaje? Ni chakula chako."

"Aandike," alisema bibi. "Na wale wanane awaandike."

Wegesa alipeleka ukurasa wake siku moja kabla ya mwisho. Safari hii ulikuwa na maneno yaliyokatwa na doa la majani. Chini kabisa aliandika: "Mzee huyu alikuwa na ndugu wanane waliokula naye chungu kimoja. Wote wamekufa, wengi wakiwa wadogo. Kwa hiyo siwezi kusema chakula hiki ndicho kilichomfikisha hapa. Wazee wengi waulizwe, na habari za waliokufa pia ziulizwe."

Daktari Kwangu alisoma kurasa kumi na moja. Tisa zilikuwa na nyama na maziwa na miaka mia. Alimwita Wegesa.

"Nani alikufundisha hili la mwisho?"

"Bibi yangu."

"Hajasoma?"

"Hajasoma."

Nafasi akapewa yeye. Kwa miezi minne alizunguka Bunda na Butiama, na mahali pote alilala, alilima, kisha ndipo akaandika. Swali la ndugu wangapi walizaliwa na wangapi walibaki liliingizwa kwenye karatasi za utafiti. Utafiti haukutoa dawa ya kuishi sana, na Wegesa hakumdanganya mtu kwamba umetoa. Ila kijijini kwa Burito kulitokea jambo. Balozi mwenyewe alibeba samadi ya mahame kwa mkokoteni, akapanda mgagani nyuma ya nyumba yake. Nyumba zake kumi zikamfuata, na watoto wakaanza kula mboga kila siku. Bibi aliendelea na safari zake za mahame, ila sasa aliaga akitoka. Alisema babu hawezi kubebwa kwa mkokoteni.

Kule chuoni wanafunzi wengine walimfuata Wegesa kuuliza mlango uko wapi. Aliwatuma kwa mwalimu mkuu, hospitali, kwa bwana shamba. "Lakini kwanza," alisema, "nendeni mkae na mtu mmoja siku tatu."

Kabla ya kuondoka, Daktari Kwangu aliomba kumwona mzee yule. Gari liliposimama, Burito alianza kutupa macho kwenye kuku. Bibi Wankyo alimwita jina lake, mara moja tu. Akaingia jikoni, akatoka na chungu chenyewe, cheusi kwa moshi, akakiweka mbele ya daktari. Ndani kulikuwa na mgagani, na pembeni ugali wa muhogo. Sahani ilikuwa ile ya kila siku, iliyobanduka ukingo.

"Karibu," alisema. "Leo unakula tunachokulaga."