Uzi Ambao Atong Hakuuchoma

Kila alasiri akitoka shuleni, Atong alipitia vibanda vya chakula vya mtaa wa Hai Cinema, Juba, kuchukua maganda ya vitunguu. Wapishi walikuwa wamemzoea.

"Bibi Vitunguu amefika," mmoja alimtania. "Leo yamejaa debe. Uyamalize yote."

Atong alijaza kikapu, akashika njia ya kwa Alek, dada mdogo wa mama yake. Alek alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani.

Hapo alimkuta Hadiyo, mwenzake wa darasani, ameshatua gunia la vipande kutoka duka la vitambaa la baba yake, Mzee Dekow. Zamani vipande hivyo vilichomwa nyuma ya maduka, na moshi wake mweusi uliwakohoza majirani. Siku hizi vilikuja kwa Alek, na Atong ndiye aliyevichambua. Alichomoa uzi mmoja katika kila kipande, akaushika kwa kibanio na kuupeleka kwenye mwali wa mshumaa. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ulikuwa wa pamba. Ukijikunja na kuwa tone gumu, ulikuwa wa poliesta, ndugu wa plastiki.

Pamba ilichemshwa na maganda ya vitunguu na shabu kidogo ya kushikisha rangi, ikatoka na rangi ya asali. Kisha Alek aliviunganisha vipande kuwa milaya, yale mashuka yenye ndege na maua ya kudarizi ambayo watu wa Juba huyatandika wanapotarajia mgeni. Poliesta ilikatwakatwa ikajazwa ndani ya mito. Hakuna kilichotupwa.

Mwezi huo Atong alikuwa akishona milaya yake mwenyewe, ya kumpelekea mama. Mama alikuwa amebaki Kitale, Kenya, kumaliza masomo ya uuguzi. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Sauti yake Atong aliisikia kwenye simu kila Jumapili, lakini mikono yake hakuisikia. Alikumbuka jinsi mikono hiyo ilivyomfunga vifungo vya gauni lake la buluu asubuhi ya safari ya kuja Juba, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu asiyetaka kufika cha mwisho.

Gauni hilo sasa lilimbana mabegani. Atong alikata kipande chake na kukishona katikati ya milaya. Uzi wake hakuuchoma. Alikuwa na mshumaa mbele yake na kibanio mkononi, akaviweka chini. Alitaka sana gauni lile liwe la pamba.

Jumatano Alek aliichukua milaya aipige pasi, kwa kuwa Mzee Dekow angesafiri Kenya Ijumaa baada ya swala, na alikubali kubeba mzigo hadi Kitale. Pasi ya makaa ilikuwa na moto wa kutosha pamba. Ilipofika katikati, harufu kali ilipanda. Alek akaiinua haraka. Kipande cha buluu kilikuwa kimejikunja, na tundu la ukubwa wa kiganja lilibaki mahali pake.

"Atong, kipande hiki ulikijaribu?"

"Hadiyo alisema ni pamba," Atong alijibu. "Alisema hakuna haja."

Kesho yake Hadiyo alipoleta gunia, Alek alimwambia kwa upole, "Mwanangu, kama hujui kitambaa, usiseme unajua. Kwa sasa pumzika kuleta vipande, mpaka nizungumze na baba yako."

"Mimi? Nilisema lini?" Hadiyo alimgeukia Atong. Atong alikazana kuangalia sindano yake. "Yaani hata kuniangalia huwezi," Hadiyo alisema, akaondoka.

Atong alibaki na milaya magotini. Angeweza kuziba tundu na kunyamaza. Mzigo ungefika. Lakini kila alipomwona mama akilini akiitandika, alimwona pia Hadiyo akiondoka. Aliweka sindano chini.

"Mama mdogo, Hadiyo hakusema kitu. Lile lilikuwa gauni langu la Kitale. Sikulijaribu kwa sababu niliogopa kuambiwa si pamba."

Alek aliikunja milaya, akaitia kwapani. "Basi twende kwa mwenye haki yake kwanza," alisema. "Milaya itangoja."

Dukani, Alek ndiye aliyetangulia kuomba radhi kwa kumlaumu mtoto bila kuuliza. Kisha Atong akasema, "Malesh, Hadiyo. Nilikusingizia."

Hadiyo alikunja uso. "Una bahati baba hajaondoka. Ningemwambia mzigo wako autupe mpakani Nimule." Halafu akaangalia milaya. "Tundu lenyewe kubwa hivyo? Utamaliza kesho peke yako wewe? Lete sindano."

Walishona jioni ile na asubuhi iliyofuata kabla ya shule. Juu ya tundu waliweka kipande cha pamba, na juu yake ndege mmoja, bawa moja la Atong na jingine la Hadiyo. Mabawa hayakulingana. Lile gauni lililobaki Alek alilikata vipande vidogo, akavijaza kwenye kimto cha kwenda na mzigo.

"Poliesta si mbaya ikiwa mahali pake," alimwambia Atong. "Ubaya ni kuiita pamba. Kazi yetu hii ya kuokoa vitambaa inasimama juu ya mtu kusema kweli kuhusu alichoshika, hata kama anakipenda. Ukiudanganya uzi mmoja, shuka zima linaungua, na rafiki pia."

Jumapili ya pili simu iliita.

"Milaya nimeitandika," mama alisema. "Ndege wangu ana bawa refu na bawa fupi."

"Fupi ni la Hadiyo," Atong alisema, na Hadiyo aliyekuwa karibu akampiga kofi la begani.

"Na kimto hiki, ndani kuna nini?"

"Gauni la buluu. Halinitoshi tena."

Mama akasema taratibu, "Simama wima, Atong. Mwambie Alek anipimie. Umefika wapi?"

Atong alisimama wima ukutani, na Alek akachukua utepe wake wa kupimia.